Maji ya Wifi Oliva

Benigna wa Lizaboni ni fundi cherehani, na mikono yake inajulikana mtaa mzima. Sare ya shule aliyoishona huvaliwa na kaka, ikarithiwa na mdogo mtu, mshono haujaachia. Kwa hiyo mumewe Hironimus aliporudishwa nyumbani na mrija ubavuni, nesi Rosemary hakusumbuka kutafuta mtu mwingine wa kumfundisha kazi.

Hironimus alikuwa na jipu ndani ya ini. Daktari alimpenyeza mrija mwembamba kupitia ubavuni, usaha ukawa unachuruzika kwenye mfuko wa plastiki. Mrija ukiziba, usaha unabaki ndani na homa inarudi kummaliza, basi ulitakiwa kusafishwa asubuhi na jioni. Unanawa kwa sabuni, unafuta mdomo wa mrija kwa spiriti, unavuta maji ya chumvi ya hospitali kwa bomba la sindano, unageuza koki yake ndogo na kusukuma polepole.

"Na maji ni haya ya kwenye chupa tu, mama," nesi alimwambia. "Ya kwako hata uyachemshe mpaka yaimbe, sitaki. Haya yanaingia ndani ya mwili wa mtu."

Benigna alilishika neno hilo kama amri ya Mungu. Kisha akaja Oliva.

Oliva ni dada mkubwa wa Hironimus, mkulima wa Lusewa. Mama yao alipofariki, ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake huyo mpaka akaweza kutembea. Alifika na unga, kuku, rozari shingoni na kichupa cha maji ya baraka chenye umbo la Bikira Maria, taji lake la buluu likiwa ndicho kizibo. Akakiweka dirishani juu ya kitanda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kukaa nyumba moja na Oliva.

Jioni moja Benigna alisafisha mrija kama kawaida yake, kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alipomaliza aliinua macho dirishani. Bikira Maria hakuwa na taji. Ndani ya kichupa hamkuwa na tone.

"Wifi," akaita, "yale maji ya baraka yako wapi?"

Oliva akatabasamu. Alikuwa ameisubiri furaha hiyo tangu mchana.

"Umeshayasukuma."

Benigna alimtazama wifi yake, akamtazama mumewe, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyonawa vizuri, ikafuta kwa spiriti, ikasukuma polepole bila kumuumiza mtu.

"Ulipokwenda sokoni nilipunguza yale ya hospitali, nikatia haya," Oliva akaeleza, bado anatabasamu. "Kwa sindano, kama ufanyavyo wewe. Si nesi alisema yawe ya chumvi? Haya padre ameyatia chumvi, tena akaibariki. Nimeyatunza tangu Pasaka. Huyu mlongo wangu, huyu ndugu yangu, nimemlea mimi, wifi. Nimwache na maji matupu?"

"Tangu Pasaka!" Benigna akapiga ukelele. Mahindi ya mwaka huo yalikwishavunwa. "Mungu wangu, wifi, umeniulia mume! Umeniulia mume kwa mkono wangu!"

Tabasamu la Oliva likafutika. Hironimus alijaribu kuinuka, akauliza kuna nini. Benigna alikuwa anampigia nesi simu, vidole vinakosea namba.

"Mleteni sasa hivi," Rosemary akasema.

Hospitalini daktari aliuliza nani aliyesafisha mrija, na kwa maji gani. Oliva alikuwa amebanana na ukuta, rozari imemkwama vidoleni. Benigna alikuwa na hasira ya kuweza kumtafuna mzima mzima. Lakini aliona jinsi Oliva alivyokuwa anamtazama Hironimus.

"Ni mimi," akasema. "Maji ya baraka yaliyokaa tangu Pasaka. Nimeyasukuma kwa mkono wangu."

Daktari alimkazia macho asiamini, kisha akaagiza dawa. Kesho yake homa ilipanda, Hironimus akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Wanawake wale wawili walikaa huku na huku, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa mgonjwa. Benigna alijua kabisa kwamba mumewe akifa, hatashona tena. Hataweza kuitazama mikono ile. Siku zikapita, dripu juu ya dripu, mpaka asubuhi moja Hironimus akafumbua macho akaomba uji. Oliva alilia kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Hironimus alirudi nyumbani na mrija bado ubavuni. Jioni hiyo Benigna alipanga vifaa mezani, chupa mpya katikati. Oliva alikuwa mlangoni, haingii hatoki. Tangu siku ile hakuthubutu kusogelea vifaa vile.

"Njoo hapa," Benigna akasema, akamnyooshea sabuni. "Leo unasukuma wewe."

"Mimi? Wifi, jamani! Baada ya yale?"

"Wewe. Mimi nasimama hapa hapa nakuangalia."

Oliva akaja. Akaitazama sabuni, akamtazama mdogo wake.

"Naweza kufanya ishara ya msalaba kwanza?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Fanya," Benigna akasema. "Lakini fanya sasa, kabla hujanawa."