Dada Atupele Aliyeketi Nje ya Geti

Siku ya tatu leo, na bado nashika simu nikitaka kumpigia Atupele. Akili inakataa kabisa.

Kwa msiomjua: alikuwa karani wa shule hapa Mbagala, mzaliwa wa Tukuyu, mwalimu wa Sunday school kanisani kwetu. Presha imemchukua Jumanne asubuhi, akiwa anavaa viatu aende kazini.

Tulikaa ofisi moja miaka sita. Wakuu wa shule walibadilishwa mara nne, na kila handover sie wengine tulikuwa tunakimbizana kuulizia boss mpya yukoje. Yeye anachemsha chai, anasema, "Boss ni boss. Mungu hapewi transfer."

Sasa naona status za wazee wetu wa kanisa. "Shujaa wa imani." "Nguzo imeanguka." Wazee wangu, shikamooni. Naona msiba umewasahaulisha, ngoja niwakumbushe.

Mchungaji wetu wa zamani alipohamishiwa Mbweni, nyie ndio mliotangaza kanisa limekufa. Watu wazima, suti na mvi, mnalia kama mmenyang'anywa viti vya mbele. Na kweli, kilichowauma ni viti. Yule alikuwa hawakatalii kitu.

Mkaitisha kikao, mkakubaliana mchungaji mpya asiingie. Mwenyekiti wenu akamuuliza Atupele, "Wewe uko upande gani?"

"Mie najua Jumapili kuna ibada saa tatu."

"Huyu mgeni hatumjui."

"Hata aliyeondoka tulikuwa hatumjui, mzee wangu. Tulimwombea, tukamjua."

Kikao hakijaisha, admin akamtoa kwenye group la WhatsApp la kanisa. Mwanamke aliyewafundisha watoto wenu kusali, mkamfuta kama tapeli wa mtandaoni.

Jumapili mkapiga kufuli geti la kanisa. Mchungaji mpya akaja na mkewe, kashika begi lenye joho, wakasimama barabarani juani. Nyie mko ndani mnaimba pambio la upendo. Sijui mlikuwa mnamwimbia nani.

Atupele akavuka kwa mama ntilie, akaazima mabenchi mawili. "Karibuni, mchungaji. Tuanze, tusichelewe." Akafungua Biblia, akasoma somo la siku ile kwa sauti. Walikuwa watatu tu.

Wakatoka akina mama wawili kwa mlango wa nyuma. Halafu kwaya ya vijana, mmoja mmoja. Kufika mahubiri, barabarani kulikuwa na watu wengi kuliko ndani.

Wiki iliyofuata geti likafunguliwa. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenyekiti akashika maikrofoni akamkaribisha mchungaji kana kwamba alimtumia barua ya mwaliko. Mwezi haujaisha, waliomfungia ndio wanagombania kumbebea begi. Hiyo ndiyo imani yenu: inasimama na yeyote anayeshika maikrofoni.

Atupele hamkumrudisha kwenye group mpaka amekufa. Jana admin ameiadd namba yake, akaweka na mshumaa. Mmemkaribisha marehemu.

Lakini siwezi kuwadharau nyie nikajiacha mimi. Siku ile nilikuwa ndani. Nilimwona kupitia matundu ya ukuta akipangusa benchi kwa kanga yake ili mke wa mchungaji akae. Miguu ilitaka kwenda. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, nikabaki naimba.

Jumatatu ofisini nikamwomba msamaha. Hakunisema. Akanisogezea sukari, akasema, "Sikukaa kule kwa sababu namwamini mchungaji, mdogo wangu. Hata yeye ataondoka. Nilikaa kwa sababu Mungu alikuwa pale kabla yao wote, na atakuwepo wakishaondoka wote."

Nikalia mpaka chai ikapoa. Yeye akaendelea kupanga mafaili.

Kesho ni ibada ya kumuaga, kabla ya safari ya Tukuyu. Mwenyekiti ndiye atasoma wasifu. Nimeuona. Umejaa "mnyenyekevu" na "mtiifu". Habari za geti hazimo.

Nikampigia mchungaji, yuleyule mliyemfungia, nikamwomba dakika tano za kuzungumza. Akasema, "Sema yote, dada. Ila na wewe jitaje."

Nitajitaja.

Dada Atu, nimechelewa sana kusimama na wewe, na ulinisamehe kabla sijasimama. Ulale salama mikononi mwa Yule uliyemwamini.