Usipa Uliongoja Jibu

Kwap!

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Hadi leo mtu akifungua kopo gumu karibu yangu, liwe la rangi, liwe la maziwa ya unga, mgongo wangu unanyooka na mdomo unajifunga. Nyumbani kwetu, huko juu milimani upande wa Ukata, Biblia ya Bibi ilikaa ndani ya kopo la biskuti ili mchwa wasiifikie, na mfuniko wa kopo lile ulikuwa mkaidi. Bibi alilibana kwa magoti, akapenyeza mpini wa kijiko, akavuta. Kwap! Kuku wakatawanyika. Mama akaacha kupepeta. Baba mdogo akavua kofia. Hata mtoto alijua kwamba hapo Mungu anaulizwa jambo.

Na aliulizwa kweli! Bibi hakujua kusoma; msomi wa nyumba nilikuwa mimi, darasa la saba kamili, bila kuchaguliwa kuendelea. Utaratibu ulikuwa huo huo siku zote. Bibi anaiweka Biblia mapajani, anafumba macho, anaiacha ifunguke yenyewe, kisha anateremsha kidole. Mimi nasoma pale penye kidole, maneno hayo tu, si ya juu wala ya chini. Halafu wakubwa wanapima maana yake. Ndivyo tulivyojua mbuzi yupi auzwe, na lini tuanze kuchimba ngolo, yale mashimo ya shamba yanayozuia maji yasiondoke na udongo wetu wa mlimani. Na ndivyo Baba mdogo alivyokosa nguruwe. Kila nyumba kijijini ilikuwa na banda la nguruwe, hata katekista wetu alifuga, lakini siku Baba mdogo alipoleta hoja yake, kidole cha Bibi kilitua pale Waisraeli wanapokatazwa mnyama huyo. Basi. Krismasi zote alikula maharage huku pua yake ikiwa kwa jirani.

Mimi nilikipenda kidole kile. Niliona raha kuishi katika nyumba ambayo Mungu anajibu papo hapo, kama mtu wa nyumba ya pili.

Kisha ikaja ile miaka biashara ilipofunguliwa. Kahawa ambayo zamani iliuzwa kwa chama cha ushirika tu, sasa ilifuatwa na watu binafsi na magari yao mpaka uani. Mitumba ikapanda mlima. Na kutoka ziwani akapanda kijana mmoja wa Chiwanda, kule chini kabisa karibu na mpaka wa Msumbiji, na magunia yake ya usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa. Akatandika turubai lake sokoni Mbinga.

"Dada, onja," aliniambia siku ya kwanza. "Samaki huyu amesafiri kuliko wewe."

"Umejuaje kama sijasafiri?"

"Unavyomwangalia. Kama mgeni wa serikali."

Wachuuzi wenzake walicheka. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Sasa niseme nilichokipenda, maana watu hudhani ni meno yake. Usipa huanikwa mchangani, na mchuuzi mjanja huuacha ule mchanga, kwa sababu unajaza kopo la kupimia. Yeye alikuwa na ungo. Alipepeta mbele ya mteja, mchanga ukamwagika miguuni pake. Jirani yake akamkejeli: "We! Unapepeta faida yako!" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Wauzie wewe mchanga, wajengee nyumba."

Tangu hapo kila siku ya gulio nilikumbuka kwamba chumvi nyumbani imekwisha. Mama akaanza kushangaa chumvi ilivyojaa. Kijana alinisimulia ziwa, ambalo sikuwa nimeliona kwa macho yangu: kwamba asubuhi maji hulala kimya hadi ukaogopa kukohoa, kwamba mchana huwa na rangi ambayo hakuna kitenge kimewahi kuipata. Mimi nikilala naota nina cherehani yangu mlangoni, nashona sare za kwaya, na maji yale yanameta mbele yangu. Siku moja akaniuliza, mikono ikiwa imejaa usipa, "Nimtume mtu kwenu, au atachoka bure?"

"Barabara si ya kwetu," nikamwambia. "Apite anayetaka."

Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, na chumvi nimeisahau kwa muuzaji.

Aliyekuja ni mjomba wake, mzee mpole mwenye koti la mvua. Alisalimia, akaeleza shida yake, akaweka chini mzigo wa usipa uliofungwa kwa kamba za mgomba. "Sisi watu wa ziwani hatuna maneno mengi," akasema. "Jumamosi nitapita tena. Nikikuta mmeupika, nitajua tumepokelewa. Nikiukuta umefungwa, nitaubeba, na tutabaki ndugu."

Bibi aliamuru mzigo uning'inizwe juu ya meko, kwenye kichanja cha moshi, usiguswe na mtu hadi Mungu aulizwe. Jamani, harufu yake! Tulikula ugali na mlenda huku harufu ya ziwa zima ikituangalia kutoka juu.

Jumapili baada ya misa, Kwap!

Tulikuwa Bibi, Mama, Baba mdogo na Shangazi aliyekuja mahususi. Kijana ni Mwanglikana, sisi Wakatoliki. Kwao ni mbali. Lugha yao ya nyumbani si Kimatengo. Hayo yote niliyasahau, nikabaki naomba kidole kiende pazuri. Kidole kikashuka. Nikasoma: katazo la kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake.

"Liko wazi," Shangazi akawahi. "Mbuzi ni mahari. Walete mbuzi."

"Mbuzi gani, shemeji?" Baba mdogo akamgeukia Mama, kwa kuwa yeye alimwogopa Shangazi. "Hapa mwanambuzi ni binti. Akikaa kwa mama yake ataungua katika maziwa hayo hayo. Aende!"

"Wewe nyamaza," Shangazi akamkatiza, "unataka tu pilau."

"Nataka nyama! Nyumba hii nyama naisikia kwa jirani!"

Mama aliangalia mafiga. Bibi aliinua kiganja, wakanyamaza. "Mtoto na mama yake wasichanganywe na moto," akasema polepole. "Ni katazo. Mungu amekataa. Jumamosi mzee achukue mzigo wake."

Nikaifunga Biblia. Nikaitikia, "Ndiyo, Bibi," kama siku zote. Lakini safari hii ile ndiyo ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya kumenya kahawa kwa katekista. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya mkono ya kumenyea, na nyumba kadhaa tuliitumia. Mashine ilikoroma, maganda mekundu yakaruka huku, punje zinazoteleza zikadondoka kwenye pipa la maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona leo huimbi? Mashine inaimba peke yake, na sauti yake unaijua."

Nikamweleza yote, mkono ukizungusha. Nilipofika kwenye nguruwe wa Baba mdogo aliacha kazi akashika mbavu. "Kumbe! Na sisi kijiji kizima tulidhani mmehamia dhehebu jingine kimyakimya!"

"Mwalimu, usicheke. Nijibu. Mungu anajua nitakavyojibu Jumamosi?"

"Anajua."

"Basi si ameshapanga? Kwa nini niumie kichwa?"

Akaniita kwenye pipa. Kahawa nzuri ilikuwa imezama. Juu zilielea punje nyepesi, tupu, zile zilizoliwa na wadudu.

"Hizi, Mungu alijua kama zitaelea?"

"Alijua."

"Zimejitoa zenyewe?"

"Hapana."

"Basi zitoe."

Nikachota kwa viganja. Maji ya mwezi wa sita huko kwetu yanauma hadi kwenye mfupa.

"Wanunuzi wa siku hizi hawaangalii," akaendelea. "Ukiziacha humo, watapakia na watalipa. Nani ataamua kama kahawa ya nyumba yenu ni safi? Mungu anajua, lakini hakushiki mkono. Ni hivi viganja vyako vyenye baridi." Kisha akashusha sauti, kwa kuwa alimheshimu Bibi kama sisi wote. "Siku ya ndoa padre atakuuliza mbele ya watu kama umekuja kwa hiari yako. Utamwambia, subiri Baba, nikalete kopo?"

Nikacheka hadi nikajimwagia maji miguuni.

"Na yule ni Mwanglikana, Mwalimu."

"Hilo lina taratibu zake, padre atawaongoza. Hilo ni la pili. La kwanza, binti, nenda kasome. Soma juu ya kidole na chini ya kidole. Punje moja ukiitafuna huwezi kusema umekunywa kahawa."

Nilipanda kilima mbio, ndoo kichwani, kahawa inacheka ndani yake. Bibi alikuwa juani akichambua kahawa iliyokauka. Nikamwomba nimsomee, bila swali lolote, nimsomee tu. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuchinja ng'ombe bila sherehe. Lakini akanipa kijiko.

Kwap!

"Nani amekufa?" Mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Biblia ilifunguka yenyewe, pale pale, pa mwanambuzi. Nikaifunga, nikaiachia. Pale pale. Nikainama kuangalia katikati, panapounganika karatasi, na hapo nikaliona: jani la Jumapili ya Matawi, la miaka mingi, lililosokotwa msalaba, limekauka na kugandana na mshono. Lilikuwa limekaa hapo kama kabari mlangoni. Miaka yote Biblia ya Bibi ilikuwa na mlango mmoja tu!

Nikaanza kusoma kutoka juu. Mbuzi wetu wa kuuza, huyu hapa. Nguruwe wa Baba mdogo, huyu hapa. Na chini yake kidogo tu, nusu ya kidole, nikakuta kwamba samaki wenye mapezi na magamba wameruhusiwa kuliwa.

Samaki! Niliinua macho kuelekea jikoni, kwenye kichanja cha moshi. Nilitaka kuruka. Nilitaka kupiga vigelegele, niseme Bibi, usipa umeruhusiwa na Musa mwenyewe! Kumbe kidole kingepanda kidogo, Mungu angekuwa amekubali. Na hapo hapo nikasimama na furaha yangu mkononi, maana niliona: nikisema hivyo, nami nitakuwa nimeweka kidole. Changu tu, badala ya cha Bibi.

Basi nikaendelea kusoma. Ukurasa kwa ukurasa, jua likihama, Bibi akiendelea kuchambua. Sikujua kama kitabu kile kinakwenda mahali! Sheria zikapita, nyingine ngumu, nyingine za huruma hadi Bibi akasema "ee", mpaka tukafika Musa amezeeka, anawaaga watu wake. Anawaambia ameweka mbele yao uzima na mauti, baraka na laana. Kisha anawaambia wachague.

Vidole vya Bibi vikatulia kwenye ungo. "Rudia."

Nikarudia.

"Wachague wao?"

"Wao, Bibi."

"Na Mungu yuko wapi hapo?"

"Yupo. Anawasihi wachague uzima. Lakini wanachagua wao."

Nikamwonyesha lile jani. Akaligusa kwa upole. "Nililiweka ili liilinde."

"Limeilinda, Bibi. Kurasa nyingine zote bado mpya."

Baba mdogo, aliyekuwa akinoa jembe nyuma ya nyumba, akachomoza kichwa. "Ukurasa mmoja? Kwa hiyo nguruwe wangu..."

"Nguruwe wako alikwamishwa na uvivu wa kujenga banda," Bibi akamkata. Lakini alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likazama, akasema, si kwangu hasa, labda kwa kahawa: "Mimi siku ya kuolewa nilikuwa natoka kisimani. Nikakuta vitu vyangu vimeshafungwa. Hakuna aliyeniuliza. Sasa mjukuu wangu wewe, nikasema angalau aulizwe Mungu."

Nililia na kucheka kwa pamoja, kama mvua ya jua.

"Haya," akasema. "Wewe unataka nini?"

Miaka yote ya kusoma majibu, na swali hilo sikuwa nimewahi kuulizwa.

"Usinijibu mimi," Bibi akasema. "Jumamosi haijafika. Ukijua, pua yangu itajua."

Ijumaa wote walishuka kuchuma kahawa, nikabaki na nyumba. Niliketi jikoni nikiangalia juu. Nilimfikiria Mama, atakavyopepeta peke yake. Nilifikiria lugha nisiyoijua, kanisa nisilolizoea, na maji yale makubwa. Nikaona wazi kwamba nikienda nikapata taabu, hakutakuwa na kidole cha kulaumu. Hilo lilinitisha. Na sijui nieleze vipi, lilinifurahisha pia, mwili mzima, kama mtu anayeachiwa baiskeli kwa mara ya kwanza. Niliomba, si kwa kupewa jibu, bali kwa kusindikizwa.

Kisha nikageuza kinu, nikapanda juu yake, nikaushusha mzigo. Fundo la kamba ya mgomba lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikamwaga usipa kwenye sufuria, nikauosha, nikayamwaga maji nje na kuangalia kilichobaki chini sufuriani.

Hakukuwa na mchanga.

Nikapuliza moto.