Viti Vinavyotazama Dirishani

"Yule ana mambo," jirani yangu mshonaji aliniambia, pini zimebanwa mdomoni. "Nimechungulia mwenyewe. Saa nne asubuhi kalala chali sakafuni, macho kafumba, anasikiliza dari! Shauri yako, shoga, na huyo mtoto unayempeleka kule."

"Labda dari lina habari," nilisema, nikaendelea kuanika nguo.

Tulimwita Dada Polepole, huyo mpangaji wa chumba cha mwisho. Ukimuuliza jambo hunyamaza kwanza, kana kwamba jibu liko njiani linakuja na yeye hana haraka nalo. Siku ile ya kulala chali alikuwa anatafuta mlio gani umebaki chumbani. Saa ya ukutani alikuwa ameshaiondoa. Akagundua taa inavuma, akaibadilisha. Akatandika zulia nene, akavigeuza viti viwili vikaelekea dirishani, ubavu kwa ubavu, kama vya abiria. Jua likipita kwenye pazia la kijani, chumba kizima kinakuwa kama kiko chini ya maji, na vumbi linaelea humo taratibu bila kutua.

Alikuwa mshauri. Miaka kumi na moja aliajiriwa kwenye shule kubwa, akiletewa watoto wanaoziba masikio, wanaopunga mikono, wasioweza kukaa kitako. Kazi yake ilikuwa kuwanyoosha. Tuliza mikono. Mtazame mtu machoni, hesabu hadi tatu, ndipo uangalie pembeni.

"Kulikuwa na binti mmoja," alinihadithia tukiwa kizingitini pake. "Alifuzu kuliko wote. Nikampongeza. Akasema, 'Nimeweza, Mwalimu, lakini kila mara inaniunguza.'"

Mimi nilikuwa namwangalia mwanangu, anayejiviringishia ncha ya pazia kidoleni, anaiachia, anaiviringisha tena.

"Wiki hiyohiyo nikaandika barua ya kuacha kazi. Mama yangu alilia kama amefiwa. Nilimwambia nataka chumba changu, mtu aingie na akili yake ilivyoumbwa, asiambiwe aivue mlangoni."

Mwanangu ana miaka mitano. Hutembea kwa ncha za vidole, na maneno yake ni ya kuhesabika. Kila mtu ana dawa yake: mchape, mwombee, mnyoe nywele. Mle ndani alilaza shavu kwenye zulia, akatoa ule mlio wake mdogo, mmmm, anaoutoa akiwa na raha. Dada Polepole, kutoka kitini, akamwitikia mmmm. Wakaendelea hivyo muda mrefu. Mimi kifua kililegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Ila ukiacha sisi, mwezi mzima hakuja mtu. Kisha Jumanne akaja seremala wa karakana ya nyuma, mtu mzima na ndevu zake, anayeitwa zuzu tangu utotoni kwa sababu salamu humpita. Nilikuwa napita na beseni, mlango bado uko wazi. Alikaa, akasugua magoti, akaanza kutetemeka. Dada Polepole akamwinamia kwa huruma.

"Niangalie, kaka yangu. Uko salama."

Akamwangalia. Niliona midomo ya seremala ikihesabu, kama aliyefundishwa zamani. Moja. Mbili. Tatu. Kisha akainuka akatoka, mkono mmoja ukipapasa ukuta hadi mwisho wa ujia.

Niliweka beseni chini. Dada Polepole alikuwa amekaa palepale.

"Umesikia nilichomwambia?"

"Nimesikia, dada."

"Kimetoka chenyewe. Mimi shule nimeiacha, yenyewe haijaniacha." Alifuta macho kwa kiganja. "Na yule akipotea hapa, hatagonga mlango mwingine tena."

Alimwandikia ujumbe wa kumwomba radhi. Jioni akaja kunionyesha jibu kwenye simu: *Alhamisi saa tatu. Usiseme tena vile.*

"Si kakubali?" nikasema.

"Kanipa nafasi moja tu. Na mdomo wangu siuamini." Akakaa kando yangu, nami nikalisubiri jibu lake lifike. "Tangu nihamie sijakusikia hata siku moja ukimwambia mwanao akutazame. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Naona tu inamuuma."

"Basi kesho njoo naye. Mimi nitaongea naye, wewe kaa kiti cha pili."

"Mimi, dada? Mimi niliyeishia shule ya msingi, nikae kukusikiliza wewe?"

"Wewe. Na nikisema lolote la zamani, usinionee haya, usingoje nimalize. Nikatize hapohapo. Tafadhali, mdogo wangu. Nina kesho tu."