Aliyeonja Mapishi Yangu

Juzi, shuleni Bwera, nilimkabidhi mwalimu kitabu changu cha mapishi ya watoto, kazi ya kumalizia masomo, mwanangu mgongoni.

"Ndizi za kuponda na samaki mkavu," akasoma. "Mama mutoto, nani alionja hii?"

"Mimi, mwalimu."

"Wewe iko mutoto?"

Darasa likacheka. Nikamshusha mwanangu, nikampa kijiko cha chakula hicho, nilichokibeba, akakitema chote kwenye shati la mwalimu! Yule samaki mkavu, aliyetoka Katwe, alishatiwa chumvi, nami nikaongeza nyingine.

Nilitaka kukimbia, lakini bila kazi hiyo simalizi shule, basi nikachukua kalamu nikafuta neno chumvi kitabuni pale pale.

"Kesho naleta kingine, mwalimu."

Akajipangusa. "Uje na huyu mkaguzi. Wewe peke yako sikuamini."

Jana tulirudi wawili.