Mchezo wa Kuziba Mdomo

Jamani, nilimpiga binti wa watu bila kosa. Mtanitukana, sawa, ila someni kwanza.

Mtoto wetu ana miaka miwili, tunamwita Kibonge. Nesi wa kliniki aliniambia, "Baba, kaa chini ucheze naye. Akili ya mtoto inachangamka kwa mchezo."

Nikacheka kimoyomoyo. Mimi fundi wa kunyoosha bodi za magari, nicheze na mdoli?

Jumamosi nikajaribu. Tukapanga makopo, yakaanguka, akacheka. Nikampa mdoli.

Akamzaba kofi. Paa! Akamburuta chini ya kitanda, akamziba mdomo kwa viganja viwili.

"Shhh! Usilie."

Damu ikanichemka. Nani anamziba mwanangu pumzi? Kutwa nzima anabaki na dada wa kazi. Nikasema leo atanitambua!

Nilimkuta jikoni anaosha vyombo. Kofi la kwanza likambamiza ukutani. La pili likampasua mdomo. Sahani zikavunjika, damu ikadondoka kwenye beseni.

"Baba, nimefanya nini?"

"Unataka kuniulia mtoto!" Nikamkaba shingo.

Macho yakaanza kumtoka. Mke wangu akaingia mbio kutoka uani, akaning'ata mkono mpaka nikaachia.

"Mwache! Mchezo huo nimemfundisha mimi!"

"Wewe? Umechanganyikiwa?"

"Ukianza kunipiga, namwambia akimbilie chini ya kitanda azibe mdomo. Mwezi uliopita alilia, ukamrushia kiti. Ulitaka nifanyeje, Baba Kibonge?"

Mimi vipigo vile nilikuwa naviita mikwaruzano ya ndoa.

Nikarudi chumbani. Mtoto alikuwa uvunguni, viganja mdomoni, amejikojolea. Nikamnyooshea mkono. Akarudi nyuma hadi ukutani, kimya kabisa.

Niliumia, wallahi, nikalia kama mjinga.

Dada alinishtaki, na alikuwa na haki. Siku hizi naishi peke yangu. Jumapili naruhusiwa kumwona mtoto kwa muda wa saa moja nyumbani kwa mama mkwe, wanakoishi sasa, nakaa sakafuni tunapanga makopo. Nikisimama ghafla tu, Kibonge anaziba mdomo.

Wazazi wenzangu, chezeni na watoto wenu. Watawaonyesha mnavyoishi nao. Mimi nilionyeshwa, nikaenda kumpiga mtu mwingine.