Rimoti ya Mke Wangu na Injinia wa Mowlem

Sifa ni za Mungu, aliyeniamsha leo nikiwa na akili timamu na macho ambayo bado yanasoma herufi ndogo. Nimemshukuru kwa mengi. Kwa yule fundi wa mtaa wa Mowlem sijapata la kushukuru, na nimejaribu.

Mke wangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa. Alikuwa ameongoza kwaya miaka mingi, na nyimbo zao zote walizorekodi zimo katika kompyuta ndogo yenye mfumo wa Linux iliyounganishwa na runinga sebuleni kwetu, mtaani Ziwani. Kibodi haikumfaa tena. Alitaka jambo moja: kuanzisha na kusimamisha wimbo kwa mkono wake mwenyewe, bila kuita mtu. Nikanunua rimoti katika soko la Muthurwa pamoja na kipokezi chake, kijicho kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta.

Fundi niliyemwita akiunganishe alikuja na simu mbili, kompyuta ya mkononi na cheo cha injinia alichojipa mwenyewe. Alijaribu kipokezi kwenye kompyuta yake, kikafanya kazi. Akakichomeka kwenye yetu, kimya.

"Mzee, shida ni hii Linux," akasema. "Hii ni ya watu wa maabara. Tufute kila kitu, niweke kitu ya watu wa kawaida."

"Na kwaya yangu?" mke wangu akauliza.

"Mathe, nyimbo ziko tele kwa mtandao."

"Na wewe uliimba kwaya gani?"

Nikamwonyesha mlango kwa upole ambao sikuwa nao moyoni.

Kesho yake, baada ya sala ya asubuhi, niliandika amri ya kuonyesha kila kitufe kinachopokelewa. Mke wangu akabonyeza na kubonyeza. Skrini tupu. Nikainua kitambaa cha kufuma kinachofunika kompyuta, nione kama imepata joto, na papo hapo namba za vitufe zikaanza kushuka kwenye skrini. Kitambaa kilikuwa kimening'inia ubavuni, kikaziba kijicho. Mimi ndiye ninayekifua na kukitandika kila Jumamosi, kwa hiyo fungu langu la dharau nalipokea. Lakini mimi sijiiti injinia. Mtu aliye tayari kufuta kwaya nzima kabla ya kuinua kitambaa hastahili kushika hata bisibisi.

Nikaandika jedwali, namba ya kila kitufe na kazi yake. Kidole gumba chake cha kushoto huteleza, basi nikaacha vitufe vitatu tu: cha katikati cha kucheza na kusimamisha, cha mbele, na cha nyuma. Vingine vyote nikavinyima kazi.

Jumapili fundi akapita kutusalimu. Akasimama mlangoni, akasikia kwaya.

"Si nilikuambia itashika, mzee?"

Mke wangu alisimamisha wimbo katikati ya ubeti, akaurudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hapo sauti ya pili ilichelewa," akasema. "Niliwaambia siku ile ile tuliporekodi."

Akarudisha tena. Hakuniita.

Wewe unayesoma, Mungu akuhifadhie mikono yote miwili, na mmoja ukichoka, autie wa pili nguvu ya kutosha.