Matawi ya Hironimus

Babu yangu Hironimus alipenda kutembea kuliko kula. Mjerumani ambaye babu alikuwa mpishi wake hapa Songea alipokwenda kwao likizo, babu alikuwa wa kwanza kufunga mzigo. Mama yake alimwonya, "Mtembezi hula miguu yake." Hakusikia. Huko Mjerumani akaugua, wakakaa hata Krismasi ya pili ikakaribia.

Siku moja kabla ya safari ya kurudi, babu alitoka peke yake kuuaga mji wa Berlin. Baridi kali, naye alifurahi mno! Farasi walifuka mvuke puani, wanawake walichomeka mikono katika mifuko ya manyoya, na kila mtu alikwenda mbio kana kwamba nyumba yake inaungua. Babu aliwasalimia wote. Wasioitikia aliwahurumia, akidhani ni viziwi.

Asipotee, alifanya kama tufanyavyo porini kwetu. Ukifika njia panda, unalaza tawi kuifunga njia usiyoifuata, ili anayekuja nyuma asikosee. Mwuza misonobari ya kupamba Krismasi alimpa vitawi vilivyokatika, naye akafunga mitaa kila kona. Kisha theluji ikaanguka, ikafunika vyote.

Alishikwa na hofu. Meli haimngoji mpishi, na mama yake yuko peke yake nyumbani. Akapiga magoti, akaanza kufukua theluji kwa mikono. Bibi mmoja mnene mwenye ufagio alisimama, akaona tawi likichomoza, akaelewa kwamba anatafuta alama za njia yake. Aliangua kicheko, akaenda kufagia kona iliyofuata. Mwuza mikate akajiunga nao, kisha askari. Walimfikisha mlangoni kundi zima, wakiimba, na tajiri wake akadhani kuna fujo.

Kumbe fujo ilikuwa kwetu. Alipofika Songea, vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita. Akaambiwa kijiji chao kilichomwa moto, watu wametawanyika, na mama yake hajulikani alipo. Alishika barabara ya Namtumbo, iendayo kijijini kwao, akilia.

Kwenye njia panda, njia ya kwao ya zamani ilikuwa imefungwa kwa tawi. Majani yake yalikuwa mabichi bado.

Babu aliikimbilia ile nyingine, mzigo akauacha hapo hapo. Mbele ya kibanda kipya mama yake alikuwa akitwanga. Alimtazama kuanzia chini.

"Kumbe miguu umeibakiza," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi nimeumaliza mti mzima, mwanangu, kwa kukufungia njia ile."